Franga za nani zinarusha roketi? Maneno kwa vijana



Wengi wetu tumeona ile video: roketi ya SpaceX inarudi chini, inasimama wima kama nguzo, watu wanapiga makelele. Mimi pia naipenda. Wenye kuichora wana akili, wapewe heshima. Ile nisiyokubali ni hadithi inayofuata: eti mtu mmoja, Elon Musk, na franga zake na moyo wake, alifanya kile Leta ilishindwa.

Tuangalie tarehe. SpaceX ilianzishwa 2002. Roketi zake tatu za kwanza zilishindwa kufika. Ya ine ikafika mwezi wa 9, 2008, kampuni ikiwa karibu kufunga mlango. Mwezi wa 12 mwaka uleule, NASA, shirika la Leta ya Marekani, ikaipa mkataba wa dola miliari 1,6 kwa kubeba mizigo. Mwaka 2014, miliari 2,6 kwa kubeba watu. Mwaka 2021, karibu miliari 2,9 kwa kutua mwezini. Blue Origin ya Jeff Bezos nayo ikapata miliari 3,4 mwaka 2023.

Mtu atasema ni malipo ya kazi, si zawadi. Ni kweli. Lakini wakati kampuni ilikuwa inaanguka, ni mlipa kodi njo alikubali hatari. Utajiri ulipokuja, hakuhesabiwa. Na mwaka 2021 ProPublica ilionyesha kama Bezos hakulipa hata dola moja ya kodi ya mapato kwa Leta kuu mwaka 2007 na 2011, na Musk vilevile mwaka 2018. Sisi huku, kijana mwenye diploma akiomba msaada kidogo tu, anajibiwa: jitegemee, anzisha biashara yako.

Hii mambo inchi yetu iliijua zamani, Musk akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1976 Mobutu alifanya mkataba na OTRAG, kampuni ya binafsi ya Lutz Kayser kutoka Ujerumani Magharibi. Akaipa kilometa za mraba karibu 100.000 kule Shaba, mpaka mwaka 2000. Pima vizuri: ni karibu mara ine ya Rwanda yote! Na franga? Matajiri wa kule waliziweka juu sheria yao iliwaacha wapunguze hasara kwenye kodi, kwa hiyo hazina ya Leta yao ilibeba sehemu ya mzigo. Roketi ya kwanza ilipanda mwezi wa 5, 1977. Mwezi wa 6, 1978, Mobutu mwenyewe akiwa anaangalia, ingine ikaharibika na kuanguka. Mwaka 1979 OTRAG ikafukuzwa, juu ya siasa za mataifa makubwa na majirani. Raia aliyeishi pale angeuliza wapi, na chama kilikuwa kimoja?

Leo tunaweza kuuliza. Mwezi wa 5, 2025, ARPTC iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi inchini, nyuma ya kuikataza mwaka 2024. Mimi si adui wa Starlink. Mwenye kununua mega kila siku anajua mateso, na kuko vijiji ambavyo antena ya telefone haijafika hata leo. Tunaomba tu masharti ya ile ruhusa yawekwe mahali kila mtu atayasoma: ngapi inaingia kwenye hazina, nani ana haki ya kukata intaneti siku ya uchaguzi, na bei itapangwa na nani wakati wale wengine watakuwa wamefunga.

Barua iko pale nyuma, kwenye meza. Muisome mbele ya kutia sahihi. Mwenye kuona kitu kinapunguka, aandike pembeni, tutaipeleka Jumatano.