Uso Uwakao Moto

Leo nitazungumza nanyi habari za uso uliogeuka mwekundu kwa sababu ya mkorogo. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, lakini moto wake husikika. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, idhuruyo mafigo. Mingine ina dawa kali za steroidi, zinazoipunguza ngozi unene. Mtu akiuacha, moto huweza kuzidi kwa majuma kadhaa. Naye hudhani mkorogo ulikuwa ukimponya, akaurudia. Huo ndio mtego. Nendeni kwa mganga wa hospitali pamoja na kopo lenyewe. Osheni uso kwa maji ya vuguvugu bila kuusugua, pakeni mafuta yasiyo na manukato, jikingeni na jua. Subira huvuta heri. Kwaherini.