Mvua ya Saa Chache Zijazo na Kipimo cha Chama



Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta zinazojifunza kutabiri mvua kubwa ya saa chache zijazo. Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, nayo haiji polepole. Wingu huota baada ya adhuhuri, na kabla ya magharibi korongo lililokuwa mchanga mtupu limekwisha kufunga njia, hali kijiji cha jirani hakikupata hata tone. Milimita 50 zikinyesha juu ya ekari moja ni lita zaidi ya 200,000. Mbolea iliyotiwa asubuhi huchukuliwa jioni. Karanga zilizoanikwa hushikwa na ukungu. Wala hasara si ya mali peke yake: tarehe 3 Desemba, 2023, huko Katesh, Mkoa wa Manyara, tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang' liliua watu zaidi ya 80.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutusaidia kuchagua mbegu. Haukukusudiwa kutuambia habari za jioni ya leo.

Setilaiti za Meteosat hupiga picha za mawingu yetu kila baada ya dakika chache. Kompyuta hupewa picha za miaka mingi pamoja na vipimo vya mvua iliyofuata, ikajizoeza kutambua wingu la namna gani huleta mvua gani, na wapi. Mfugaji mzee wa Ugogo hufanya vivyo hivyo kwa macho yake, ila yeye haoni ng'ambo ya kilima. Mwaka 2025 kampuni ya Google ilianza kutoa kwa Afrika utabiri wa namna hiyo, wa saa 12 zijazo, unaosomeka katika simu.

Lakini setilaiti huona mgongo wa wingu, si maji yaliyofika ardhini. Ulaya pengo hilo huzibwa na rada nyingi. Afrika rada ni chache mno. Mashine iliyojifunza zaidi kwa mvua za wengine yaweza kukosea kwetu, na pasipo kipimo cha ardhini hapana atakayejua.

Hapo ndipo penye kazi ya chama. Kipima mvua kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Kando yake Katibu aandike onyo lililotolewa jana. Msimu ukiisha, chama kitajua ni maonyo mangapi yalikuwa ya kweli na mangapi ya bure.

Halmashauri nayo iamue mapema nani apigiwe simu kwanza, turubai ziko kwa nani, na nani mwenye amri ya kuzuia lori lisivuke korongo. Onyo la saa mbili halifai kitu ikiwa mwenye ufunguo wa ghala amekwenda mnadani. Ufunguo wa pili ukae kwa Mweka Hazina, na jina lake libandikwe mlangoni kabla ya Desemba.