Wema kwa Usiyemjua

Msikilizaji, tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu hili. Ndani walikuwamo watu 43. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Hawakungoja kujua ndani yuko nani. Watu 19 walifariki, 24 waliokolewa.

Moyo ule haukuzuka siku ile. Aliyezoea kumsaidia jirani kuvuta mtumbwi hufika penye hatari mikono ikiwa tayari.

Moyo huo huo umo katika ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, chama alichokiongoza Mwalimu Nyerere wa Butiama: kuwaona binadamu wote ndugu. Hapa kwetu Kamunyonge tunaweza kuitimiza ahadi hiyo barabarani. Mgonjwa ametoka Bunda, hajui gari la kwenda hospitali ya rufaa Kwangwa: mwelekeze, na ukiweza, msindikize. Mama ana mtoto mgongoni na mzigo mkononi: mpokee. Dereva wa bodaboda, mzee amepungukiwa nauli: mfikishe.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Leo, kabla jua halijazama, msaidie mtu mmoja usiyemjua.