Zulia Bovu Katika Uwanja wa Farasi



Nchini Uingereza mazulia makuukuu hukatwakatwa, na nyuzi zake huchanganywa na mchanga wa viwanja vya kuendeshea farasi. Nyuzi hizo huushikamanisha mchanga usitawanyike chini ya kwato. Kazi hiyo ni ya manufaa. Lakini tangu Oktoba 1, 1996, kila tani ya taka inayofukiwa hutozwa kodi, na penye kodi hapakosi mjanja: taka hubatizwa jina la malighafi, kisha zikarundikwa shambani.

Sheria ya Hifadhi ya Mazingira ya mwaka 1990 haidanganywi na ubatizo huo. Humtwika wajibu kila mshika taka, awe mwenye kiwanda, mchukuzi au mwenye farasi. Kukatwa vipande pekee hakuliondolei zulia utaka wake. Sharti ithibitike kwamba lina kazi na soko, wala halitadhuru watu na mazingira.

Tena mazulia mengi ni plastiki. Siku uwanja unapochakaa, nani atachambua uzi na mchanga? Gharama humwangukia mwenye shamba, na aliyemletea mzigo ule amekwisha kuokoa kodi yake zamani.