Kununua chukudu uliyoazimwa



Wengi wenu mlirudi mkakuta mashamba yamekuwa pori na mfukoni hamna kitu. Jirani akakuazima chukudu, ukabeba makala na viazi mpaka soko. Leo unataka kuinunua. Bei ya haki ni ipi?

Kwanza, pita kwa mafundi wawili wanaochonga chukudu. Uliza bei ya mpya, na ya ile imetumika. Usiende kwa mwenyewe bila kujua.

Pili, hesabu vile uliongeza: gurudumu, mupira wa juu yake, misumari. Kama ulivilipa wewe, usivinunue mara ya pili. Lakini kile uliharibu, nacho kiingie katika hesabu.

Tatu, usiitukane chukudu ili bei ishuke. Mtu aliyekusaidia siku ya njaa si adui. Naye asipandishe bei kwa sababu anaona unapata makuta.

Mkipatana, andikeni: bei, siku za kulipa, mashahidi wawili. Kila malipo yatiwe sahihi. Hivyo chukudu itakuwa yako, na ujirani utabaki.