Mwaka Mmoja Chini ya Malkia

Msikilizaji, Januari 1962 mgeni kutoka Afrika Kusini alifika Mbeya kwa siri. Hotelini aliwakuta Waafrika na Wazungu wameketi barazani wakizungumza, jambo ambalo kwao lisingewezekana. Alikuwa akimsubiri mbunge, John Mwakangale. Mgeni huyo ni Nelson Mandela, na baadaye aliandika kwamba ni Mbeya alikojisikia huru.

Ajabu ni kwamba nchi aliyoingia ilikuwa bado na Malkia.

Naam. Tanganyika iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa jamhuri. Kwa mwaka mzima mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, kama ilivyokuwa Canada na Australia. Dar es Salaam aliwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa kikoloni hadi siku ya uhuru. Bunge likipitisha sheria, Turnbull alisaini kwa jina la Malkia. Kukataa hakukuwa kazi yake. Alifuata ushauri wa Waziri Mkuu.

Mfumo huo ulionekana wazi tarehe 22 Januari 1962. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, wiki sita tu baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama chake, TANU. Rashidi Kawawa akashika nafasi yake, wala wananchi hawakuitwa kupiga kura. Kwa nini? Kwa sababu kiti kile kilikuwa mali ya Bunge. Mwenye imani ya wabunge wengi anaongoza serikali. Ikimtoka, anaondoka, na mwenye taji hana la kusema.

Tusidanganyane, lakini. TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71, na hata yule mmoja wa nje alikuwa mwanachama wake aliyesimama bila baraka za chama. Bunge hilo lisingemwangusha mtu. Ndilo lililopitisha, mwaka huo huo wa 1962, sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na sahihi iliyotiwa kwa niaba ya Malkia haikuizuia.

Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa jamhuri. Kumwondoa Malkia ilikuwa haki yetu. Ila madaraka yake na yale ya Waziri Mkuu yote yakaingia mikononi mwa mtu mmoja, Rais, ambaye hakai bungeni wala haulizwi humo. Tukabaki na mapambo: siwa, joho la Spika, na kuinama mbele ya kiti chake.

Kiti hicho sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunakifahamu. Mwaka huo huo wa 1962 alikikalia Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Sheria ikafuta utawala wa machifu mwaka 1963, naye chifu akaendelea kuongoza Bunge la jamhuri. Ukiacha miaka kama miwili hivi, alikaa hapo hadi 1994. Baadaye akaja Anne Makinda wa Njombe, wakati Njombe ingali mkoa wa Iringa, kisha Tulia Ackson wa Mbeya Mjini. Kukikalia tumekikalia. Nguvu ya kiti ndiyo ninayoiuliza.

Mara moja nguvu hiyo ilionekana: Februari 2008, kamati teule iliyoongozwa na mbunge wa Kyela, Harrison Mwakyembe, ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Katiba inaliruhusu Bunge kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani. Lakini yeye ni mteule wa Rais, anatekeleza aliyotumwa.

Ndiyo maana maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu hayanishibishi. London, siku ya Jumatano, anayebanwa maswali ni mwenye serikali mwenyewe. Dodoma anabanwa msaidizi wake.

Sililii ufalme, msikilizaji. Ninachosema ni kwamba mjadala wa katiba mpya ukirudi, tusiishie kuhesabu madaraka ya Rais. Tudai iandikwe siku ambayo Rais mwenyewe atasimama Dodoma, aulizwe na mbunge wa Kyela na wa Kalenga, naye ajibu.