TETEMEKO LIKIJA, NANI ATATUTOA?
(Maneno ya kamati yaliyosomwa Kigali mbele ya wakaaji wa kambi na wafanyakazi wa misaada)



Wengi wetu tumetoka kando ya Ziwa Kivu, na ardhi inayotikisika si ngeni kwetu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, yapata saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa kwenye ibada, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukavu, Rusizi na Nyamasheke. Upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30, baadhi yao wakiangukiwa na kanisa. Siku hiyo hiyo ardhi ikatikisika tena.

Sasa tusidanganyane. Kikosi cha zima moto na uokoaji cha Polisi ya Taifa kina makao yake hapa Kigali, na kutoka hapa hadi Rusizi ni kuvuka msitu wa Nyungwe. Kila mahali duniani, wengi wanaotoka hai hutolewa saa za kwanza na majirani, kwa mikono na majembe.

Wazima moto wakifika, msishangae wasipokimbilia kifusi. Kwanza watazunguka, watakata umeme, watatafuta mitungi ya gesi na majiko yaliyopinduka, kwa maana moto huua waliosalimika. Halafu watazima mashine zote na kuomba kimya. Wataita, watagonga, watasikiliza. Mama anayelia ataambiwa anyamaze, na hiyo si dharau. Watasimamisha nguzo za mbao kabla ya kuingia, kwa sababu tetemeko dogo linalofuata laweza kumfukia mwokoaji. Na aliyebanwa miguu saa nyingi hawamvuti tu: misuli iliyopondeka ina sumu, na mzigo ukiondolewa ghafla sumu hiyo hukimbilia moyo na figo. Huwekewa maji ya mshipa kwanza.

Tingatinga huja mwisho. Huko Huruma, Nairobi, ghorofa iliporomoka tarehe 29 Aprili 2016 kwa mvua, si kwa tetemeko, lakini kazi ni ile ile. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi, na watu wengine siku ya sita. Mashine ingeingia mapema, tungesema nini leo?

Jambo lililotuleta hapa ni swali moja ambalo wazima moto huuliza kabla ya yote: ndani walikuwa wangapi, na walilala upande gani?

Hapo sisi wakimbizi tuna shida, na tuiseme mbele ya wageni wetu. Kadi inasema watu 5, nyumbani wanalala 8. Kuna shemeji aliyekuja bila karatasi, kuna mtoto wa marehemu dada. Mwenye nyumba anaogopa kuwataja, asije akafutwa. Nyingine inasema 7, na 2 wameshakwenda kutafuta kazi mjini; hao watachimbuliwa siku nzima, huku jirani yao akikata roho.

Kwa hiyo tunaomba mashirika: daftari la wanaolala, lisilohusu chakula wala pesa, likae kwa mkuu wa kila mtaa, na asiwepo afisa wa kulidai. Nanyi wenzetu, mkuu wa mtaa akibisha hodi jioni na kalamu, mtajieni wote, na kitanda cha kila mmoja.